Mbolezi ya Msimulizi: Kifo katika Fantasia ya Watoto na Maombolezo ya Astrid Lindgren

1.0 Utangulizi

Katika fasihi simulizi ya Kiswahili, nyimbo ziimbwazo msibani huitwa mbolezi. Jambo lisilosisitizwa vya kutosha ni kwamba mbolezi huundwa kwa yale ambayo waombolezaji wanayo tayari: sifa za marehemu, kazi yake, vyombo alivyovishika. Mhunzi hutajiwa nyundo yake, na baharia tanga lake. Je, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kubuni nchi zisizokuwapo hutajiwa nini? Makala hii inalichunguza swali hilo kwa kuangalia maombolezo ya Astrid Lindgren, mwandishi wa Uswidi aliyezaliwa Novemba 14, 1907 karibu na mji wa Vimmerby, na kufariki nyumbani kwake Stockholm Januari 28, 2002, akiwa na umri wa miaka 94. Hoja inayotetewa ni kwamba wasomaji wake walimlilia kwa lugha aliyowafunza yeye mwenyewe, nao waliimudu lugha hiyo kwa sababu hakuwaficha watoto habari za kifo.

2.0 Riwaya ya 1973 na Shutuma Zake

Lindgren anafahamika zaidi kwa Pippi Långstrump (1945), lakini kwa mada hii kitabu cha kuzingatiwa ni Bröderna Lejonhjärta, yaani Ndugu Wenye Moyo wa Simba (1973). Msimulizi ni mtoto wa kiume, Karl, mgonjwa anayejua kwamba hatapona. Kaka yake, Jonatan, humliwaza kwa habari za Nangijala, nchi ambako watu huenda wakishakufa. Mara mambo yanapinduka. Nyumba inashika moto. Jonatan anambeba mdogo wake mgongoni, anaruka dirishani, na anayekufa ni yeye. Aliyetarajiwa kuliliwa ndiye anayebaki kulia. Hapo ndipo ulipo ustadi mkubwa wa riwaya hii, kwani kilio kinatoka kinywani mwa mtoto, bila mtu mzima wa kukitafsiri.

Karl naye anafariki na kumfuata kaka yake. Hata hivyo, Nangijala si pepo. Huko kuna Tengil, mtawala dhalimu, na kuna joka Katla. Mwishoni Jonatan amepoozwa na moto wa joka hilo, na safari hii mdogo ndiye anayembeba kaka yake mgongoni na kuruka naye gengeni, kuelekea nchi nyingine tena.

Baadhi ya wahakiki walishtushwa na mwisho huo. Walidai kwamba unawaonyesha watoto kuwa kujiua ni njia ya kuepuka mateso. Shutuma hiyo si ya kubezwa: mlezi wa mtoto aliyefiwa ana haki ya kusita kabla ya kumpa kitabu hiki. Lakini ni shutuma inayotazama genge na kusahau mgongo. Kisanaa, mruko wa pili unaujibu ule wa kwanza. Aliyebebwa sasa anabeba. Tena, kitabu hakimletei Karl habari ya kifo. Habari hiyo amekwisha kuipata kwa kumsikia mama yake akizungumza na mtu mwingine. Watu wazima hudhani wamemficha mtoto, kumbe wamemwacha peke yake na jambo analolijua.

Mwandishi mwenyewe hakuliogopa neno hilo. Uzeeni, yeye na dada zake walikuwa na mazoea ya kuanza mazungumzo ya simu kwa kutamka "kifo" mara mbili, kama mtu apigaye hodi, kisha wakaendelea na mengine.

3.0 Msiba wa 2002

Habari ya kifo chake ilipotangazwa, watu waliweka maua na mishumaa nje ya nyumba yake katika barabara ya Dalagatan. Serikali nayo ililia kwa namna ya serikali: mwaka huohuo ilianzisha tuzo ya fasihi ya watoto yenye jina lake, ya kroni milioni 5. Mazishi yalifanyika Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, katika kanisa la Storkyrkan, na mfalme na malkia walihudhuria. Maelfu ya watu walijipanga barabarani kulipisha gari la farasi lililobeba jeneza. Nyuma yake alifuata farasi mweupe asiye na mpandaji, akiongozwa na msichana.

Farasi asiye na mpandaji ni desturi ya zamani katika mazishi ya wakuu na majemadari wa Ulaya. Huashiria kwamba bwana wake ameanguka. Kwa aliyekulia katika vitabu vya Lindgren, ishara hiyo ilikuwa na maana ya pili. Katika Mio, min Mio (1954), mvulana asiyependwa na walezi wake anachukuliwa hadi Nchi ya Mbali, akakutana na baba yake aliye mfalme, na kupewa farasi mweupe aitwaye Miramis. Mgongo mtupu wa farasi yule wa Stockholm uliweza basi kusomwa kama mahali palipowekwa tayari kwa msafiri. Jemadari hakuwa na usomaji huo. Msimulizi alikuwa nao, kwa kuwa aliuandika miaka 48 kabla.

Alizikwa Vimmerby, katika kaburi la ukoo wake. Katika makaburi ya mji huo kuna msalaba wa chuma wa watoto wawili, ndugu, waliofariki mwaka 1860. Lindgren alipata kueleza kwamba kuuona msalaba huo kulimfanya atake kuandika juu ya ndugu wawili na kifo.