Wahusika wangu hawataki kushirikiana

*Kila Jumapili ninaongoza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons na marafiki wanne hapa Kariandusi. Mmoja huja na mhusika mpweke asiyetaka lolote, mwingine huwaibia wenzake. Mchezo hukwama. Nifanyeje?*
*– Mwenye Dadu*

Usijilaumu, Mwenye Dadu. Tangu mchezo huo utoke Marekani mwaka 1974, mpweke na mwizi wamesumbua meza nyingi. Chanzo huwa kimoja: kila mtu aliunda mhusika wake peke yake, nyumbani.

Waundeni upya pamoja. Kabla ya kugusa dadu, kila mchezaji aseme mhusika wake anataka nini wiki hii (“kisasi” pekee hakitoshi), na anamhitaji nani hapo mezani ili akipate. Mandhari mnayo mlangoni: yale mashoka ya mkono ya kale, ya mawe, aliyoyachimbua mwanaakiolojia Louis Leakey hapo Kariandusi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, mengi ya kioo cheusi cha volkano. Basi mmoja ajue kulichonga jiwe hilo, mwizi wenu awe ndiye pekee anayejua linakopatikana, na mpweke awe na dada mgonjwa ng'ambo ya Ziwa Elmenteita. Abaki mkimya akitaka, lakini safari ni lazima.

Mtu akishikilia kwamba “ndivyo mhusika wangu alivyo”, hapo tatizo ni mchezaji. Mwite kando kabla ya Jumapili mzungumze. Usimtumie zimwi limwadhibu. Asipobadilika, mwombe apumzike vipindi kadhaa.