Somo la Shabaha: Kuchagua Egemeo la Bunduki Porini

Wasomaji wakaao karibu na mapori wanajua taabu inayokuja nyati akiingia shambani. Mahindi hukanyagwa, watoto huzuiwa kwenda mtoni, na askari wa wanyama huitwa upesi. Tuseme kwamba askari wawili wameitwa hivyo katika vijiji viwili. Wa kwanza alimwona nyati umbali wa mita mia, akainua bunduki hali amesimama wima, bila kuegemea kitu, na huku akihema kwa kupanda kilima. Akafyatua. Risasi ikampata nyati tumboni, naye akatokomea kichakani. Wa pili alikuwa na bunduki ya namna ile ile. Lakini yeye alitafuta kwanza mahali pa kuegemeza bunduki yake, akangoja pumzi zitulie, ndipo akafyatua. Nyati wake hakufika mbali, akaanguka.

Tofauti ya watu hawa si ushujaa, wala si ubora wa bunduki. Ni egemeo. Na tofauti hiyo si ndogo, maana nyati aliyejeruhiwa hawezi kuachwa. Yampasa mtu amfuate kichakani, na katika kumfuata huko watu wengi wamepoteza maisha yao. Tena mnyama mwenyewe huteseka kwa saa nyingi, jambo ambalo mtu mwenye utu hapendi kulisababisha.

Kabla ya kuendelea, yafaa tukumbuke sheria. Katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na marufuku hiyo ingali ipo. Kazi ya kumwondoa mnyama mharibifu ni ya askari waliowekwa na serikali. Katika Tanzania mtu aweza kuwinda kwa leseni tu, mahali palipotengwa na wakati uliowekwa. Basi somo hili ni la wale walio na haki ya kushika bunduki, na la wale wajizoezao katika viwanja vya shabaha. Walakini hata msomaji asiyepata kushika bunduki atafahamu kwa nini askari mwema hafanyi haraka.

KWA NINI MKONO PEKE YAKE HAUTOSHI

Tufanye hesabu kidogo. Chukua bunduki ambayo alama yake ya kulengea ya mbele iko nusu mita kutoka alama ya nyuma. Ikiwa alama ya mbele itahama milimita 1 tu, risasi itakosea milimita 2 kwa kila mita inayokwenda. Katika mita 50 kosa hilo litakuwa sentimita 10. Katika mita 100 litakuwa sentimita 20. Na kifua cha swala, pale penye moyo na mapafu, hakizidi sana sahani ya kulia chakula. Kwa hiyo mtetemeko ambao jicho halikuuona watosha kugeuza risasi njema kuwa jeraha baya.

Mtu asimamaye bila egemeo hawezi kuuzuia mtetemeko huo. Moyo wake wapiga, mapafu yake yapanda na kushuka, na nyama za mkono wake zachoka upesi kwa uzito wa bunduki. Nyama huchoka, mfupa hauchoki upesi hivyo, nayo ardhi haichoki kamwe. Hii ndiyo siri yote ya egemeo: kuuondoa uzito wa bunduki katika nyama za mkono na kuupeleka ardhini.

Watu walilijua jambo hili tangu zamani. Katika Ulaya ya karne ya 16 na ya 17, askari wenye bunduki nzito walitembea na fimbo yenye panda juu yake, wakaichomeka ardhini na kulaza bunduki katika panda hiyo. Tena, tarehe 2 Julai, 1860, Malkia Victoria alifungua mashindano ya shabaha huko Wimbledon, Uingereza. Bunduki iliyotengenezwa na Joseph Whitworth ilifungwa juu ya egemeo la chuma na kulengwa tayari, na Malkia akavuta uzi wa hariri tu. Risasi ilikwenda yadi 400, ikapiga pungufu ya inchi mbili kutoka katikati ya shabaha. Malkia hakuwa mlenga shabaha. Egemeo ndilo lililomfanyia kazi.

MAEGEMEO YANAYOPATIKANA PORINI

Egemeo la kwanza la kutafuta ni lile lililopo tayari, kwa kuwa halibebwi wala halinunuliwi. Kichuguu ni kizuri sana: ni imara, na humficha mtu. Lakini kina hatari moja ambayo wengi hawaijui. Mwenye bunduki ya darubini hutazama kwa juu kidogo kuliko mahali risasi inapopitia, kwa sababu darubini imefungwa sentimita kadhaa juu ya mtutu. Huenda akamwona mnyama vizuri kabisa, na huku mdomo wa mtutu unaelekea udongo wa kichuguu. Akifyatua, udongo na mawe humrukia usoni. Kwa hiyo sogeza bunduki mbele hata mdomo wa mtutu upite ukingo wa kichuguu, ndipo ulenge.

Shina la mti pia lafaa. Weka kiganja cha mkono wa kushoto juu ya shina, nyosha kidole gumba, kisha laza mti wa bunduki juu ya kidole hicho. Usiusukumize mtutu wenyewe kwenye gome. Bunduki inapolia, mtutu hutetemeka. Ukigusa kitu kigumu, mtetemeko huo hubadilika na risasi huenda upande usiotazamiwa, mara nyingi mbali na kile ulichokigusa. Hali ni hiyo hiyo kwa jiwe na kwa tawi. Daima tia kitu laini katikati: kofia, koti lililokunjwa, au mkono wako mwenyewe. Na kitu hicho kiwe chini ya mti wa bunduki, si chini ya mtutu.

Mfuko wa safari ukilazwa ardhini ni egemeo jema kwa mtu aliyelala kifudifudi. Tena mfuko mdogo uliojazwa mchanga ukitiwa chini ya kitako cha bunduki huongeza utulivu sana: ukiuminya, mtutu hushuka kidogo, ukiulegeza, mtutu hupanda.

MAEGEMEO YA KUCHUKUA

Porini si kila mahali pana kichuguu au mti mahali unapoutaka. Ndiyo maana watu hubeba maegemeo yao.

Fimbo moja huzuia bunduki isipande wala kushuka, lakini haizuii kwenda kushoto na kulia. Ni nyepesi, na humsaidia mtu katika kutembea. Fimbo mbili zilizofungwa pamoja na kupanuliwa kama mkasi ni bora zaidi, nazo zafaa sana kwa mtu aliyeketi au kupiga goti. Wawindaji wa nyati wa Marekani walizitumia katika miaka ya 1870, wakiwa wameketi kwenye mbuga zisizo na miti.

Fimbo tatu husimama zenyewe, nazo ndizo zinazotumiwa sana katika mapori ya Tanzania. Sababu yake ni majani. Baada ya mvua majani hufika kifuani mwa mtu, na anayelala chini haoni kitu. Imempasa kupiga hali amesimama. Fimbo hizi zaweza kutengenezwa kwa mianzi mitatu iliyonyoka na kukauka, yenye urefu wa kimo cha mtu, ikafungwa karibu na ncha ya juu kwa ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu. Zikipanuliwa, panda yake iwe usawa wa kifua, ili bunduki ije kwenye jicho bila mtu kuinama au kunyoosha shingo. Shika panda na mti wa bunduki kwa mkono mmoja, kisha egemea mbele kidogo tu.

Miguu miwili ya chuma inayofungwa chini ya bunduki ni egemeo imara kwa mtu aliyelala mahali peupe. Lakini huongeza uzito, na ile mifupi haina faida katika majani marefu. Juu ya mwamba mgumu huweza kuruka bunduki inapolia. Basi tandika nguo chini yake.

Mwisho kuna ukanda wa bunduki, ambao kila mtu anao. Ukizungushwa juu ya kiwiko na kukazwa, huufunga mkono na bunduki viwe kitu kimoja. Hautoshi kuwa badala ya egemeo la ardhini, lakini husaidia pale mtu anapoketi au kulala bila kupata kingine.

Watu wengine huweka bunduki juu ya bega la mwenzao. Desturi hiyo ni mbaya. Mlio wa bunduki karibu na sikio waweza kuharibu masikio ya mwenzako kwa maisha yake yote, na akijisogeza kidogo tu, shabaha imepotea.

JINSI YA KUCHAGUA

Hakuna egemeo moja lililo bora kila mahali. Jiulize maswali matatu. Kwanza, majani yana urefu gani mahali niendapo? Yakiwa mafupi, chagua lile la chini kuliko yote, kwa kuwa kadiri mtu anavyokaribia ardhi ndivyo anavyotulia. Yakiwa marefu, chukua fimbo tatu. Pili, nitapata muda gani? Mnyama hangoji mtu afungue kamba. Egemeo usiloweza kuliweka tayari upesi na bila kelele ni mzigo tu. Tatu, mnyama ataweza kusogea? Akisogea, fimbo zitakuruhusu kugeuka pamoja naye, kichuguu hakitakuruhusu.

Ukiisha kuchagua, jizoeze nalo kiwanjani kabla ya kwenda porini. Anza na bunduki isiyo na risasi, nawe uihakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba haina kitu. Weka egemeo, lenga, fumba macho, vuta pumzi na kuitoa, kisha fumbua. Ikiwa alama imehama kutoka kwenye shabaha, usiirudishe kwa nguvu za mkono. Sogeza miguu yako au egemeo lenyewe. Rudia mara nyingi, hata mikono ifanye kazi hiyo bila kufikiri.

Na liko jambo moja ambalo hakuna egemeo liwezalo kulifanya. Halikuonyeshi kilicho nyuma ya mnyama. Huenda pana mchungaji, nyumba, au barabara. Egemeo imara hupeleka risasi pale ulipoelekeza. Kama umeelekeza vibaya, litaipeleka vibaya kwa hakika zaidi. Tazama mbele na nyuma ya shabaha kabla ya kidole kugusa kifyatulio.

Turudi kwa wale askari wawili. Wa kwanza alidhani kwamba ameokoa dakika moja, kisha akatumia siku nzima kufuata damu kichakani, na wenzake wakahatarisha maisha pamoja naye. Wa pili alitumia dakika hiyo moja, akarudi nyumbani kabla ya jua kutua. Na ikiwa umetafuta egemeo wala hukulipata, na alama bado yatetemeka juu ya shabaha, jawabu ni moja: shusha bunduki, usifyatue. Mnyama akienda zake leo ataonekana tena kesho, lakini risasi ikiisha kutoka haiitwi ikarudi.