Mwenyekiti ni mkwe wangu, na hesabu hazilingani

Shangazi, mimi ni mama wa watoto wanne, niliolewa huku Rungwe nikitokea Songea. Kijijini kwetu kuna ziwa dogo la kasoko. Zamani tulikuwa tunachota maji na kufua tu. Siku hizi kila Jumapili na sikukuu wanakuja watu kutoka Tukuyu, Uyole na Mbeya mjini kuogelea, kupanda mitumbwi na kuchoma nyama. Miaka sita iliyopita wakazi tuliunda umoja wa kulitunza: tunafagia, tumepanda miti, tumeweka mlinzi, na getini mtu mzima analipa elfu mbili. Mimi ni mweka hazina. Mwenyekiti ni mdogo wake baba mkwe wangu, na mila ya huku unaijua: mkamwana hapeani mkono na mkwe, hata njiani nampisha. Krismasi na Mwaka Mpya daftari la getini linasema laki sita na arobaini elfu. Mimi nilikabidhiwa laki mbili na nusu. Nilipomtuma mume wangu aulize, akajibiwa "zimekwenda kwenye ulinzi". Vijana wa mitumbwi wanasema wakubwa wanakula, wanataka kufungua njia yao upande wa pili. Tena kuna mtoto wa kijiji anayeishi Dar es Salaam, kanunua shamba mpaka majini, kazungusha senyenge, na anataka kumwaga vifaranga vya sato ili wageni wavue. Mume wangu anasema nijiuzulu kimya kimya. Nifanyeje? Tafadhali usilitaje ziwa letu, watanijua.

Mweka Hazina, Rungwe

Mama, ziwa lenu silitaji, na Rungwe ina maziwa ya kasoko ya kutosha kila msomaji akakisia la kwao.

Nianze na ulichouliza. Usijiuzulu, au tuseme si sasa, na kimya kimya usijiuzulu kamwe. Mweka hazina anayeondoka bila makabidhiano anaacha jina lake kwenye madaftari. Siku hesabu zitakapoulizwa, na zitaulizwa, asiyekuwepo ndiye atakayebebeshwa. Mume wako anatafuta amani ndani ya ukoo, namwelewa, ila amani hiyo italipiwa kwa jina lako wewe.

Lakini kabla hatujafika kwa mkwe kuna jambo ambalo hukuliuliza, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika. Hiyo elfu mbili mnaitoza kwa idhini ya nani? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji ya nchi hii ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ardhi inayolizunguka ziwa, kama imo ndani ya mipaka ya kijiji na si msitu wa hifadhi, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Umoja wenu una nini, basi? Una mafagio, una miti mliyopanda, una shukrani za watu. Si haba. Ila hayo hayampi mtu haki ya kusimama njiani na kumdai mpita njia fedha. Anayekwenda Ngosi akilipa anajua amemlipa nani, maana ziwa lile limo ndani ya msitu wa hifadhi na Wakala wa Huduma za Misitu ndiye msimamizi. Kwenu ada ya getini inapaswa kusimama juu ya sheria ndogo ya kijiji: halmashauri ya kijiji inaiandaa, mkutano mkuu wa kijiji unaikubali, halmashauri ya wilaya inaipitisha. Bila hayo, mgeni mmoja mbishi, tuseme wakili aliyekuja na wanawe kuogelea, anaweza kuwaingiza nyote matatani, wewe uliyeandika na yeye aliyetumia.

Ndiyo maana sina haraka ya kumwita mkwe wako mwizi. Huenda anakula, huenda hali. Fedha iliyokusanywa bila idhini haina wa kuidai: kijiji hakiioni kwenye mapato na matumizi, wilaya haiijui, wanachama wanaisikia kwa tetesi. Fedha ya namna hiyo huishia mfukoni mwa aliye karibu nayo, awe mwema au mbaya. Mkimwondoa huyu leo na geti likabaki lilivyo, Krismasi ijayo utaniandikia tena, jina la mwenyekiti likiwa jingine.

Kuna umoja wa wakazi wa ziwa ambao habari zake zingewafaa sana. Kule Naivasha, Kenya, wenye ardhi kandokando ya ziwa waliungana tangu enzi za wakoloni, kabla ya Vita Kuu ya Pili, na serikali ikawaachia kuitunza ile ardhi ya ukingoni ambayo maji huifunika na kuiacha. Walikuwa walowezi, baadaye wakaongezeka wenye mashamba ya maua na wenye hoteli. Kazi waliifanya, hilo halina ubishi. Mwaka 1995 Naivasha iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia, na mwaka 1999 umoja wenyewe ukapewa tuzo ya Ramsar. Mpango wa usimamizi wa ziwa ulioasisiwa nao ukafika hadi kutangazwa kwenye gazeti la serikali mwaka 2004. Halafu ukakwamia mahakamani. Waliokwenda kuupinga hawakuwa wachafuzi kutoka mbali. Walikuwa wafugaji, majirani ambao ng'ombe wao walikuwa wakinywa maji pale kabla senyenge ya kwanza haijafungwa. Umoja wenye tuzo ya dunia ulikuwa haujakaa vizuri na jirani anayeswaga ng'ombe kwenda kunywa.

Sasa soma barua yako tena. Umeandika kwamba zamani mlichota na kufua. Wanaofua leo wanafulia wapi? Mama mwenye beseni kichwani akifika getini anadaiwa elfu mbili? Mwenye ng'ombe je? Hao hawamo katika barua yako, na nina wasiwasi hawamo katika umoja wenu pia. Wao ndio watakaonyanyua mikono kwenye mkutano mkuu wa kijiji siku sheria ndogo itakapopelekwa, au watakaokataa kuinyanyua.

Kwa hiyo anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, aangalie katiba yenu na kuwasaidia kusajili umoja halmashauri ya wilaya kama haujasajiliwa. Kaeni na serikali ya kijiji mkubaliane kwa maandishi kiasi gani cha ada kinakwenda kijijini na kiasi gani kinabaki ziwani. Getini iwepo risiti ya mashine ya POS, na fedha za umoja zipite kwenye Lipa Namba yenye jina la umoja, si simu ya mtu. Sheria ile ya mwaka 2009 inatambua pia jumuiya za watumia maji, zenye kazi ya kusimamia chanzo cha maji na kusuluhisha ugomvi wake. Waulizeni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa kama umbo hilo linawafaa. Sikusukumi huko. Kwa kijiji kidogo usajili wa wilaya na sheria ndogo vinaweza kutosha.

Tuje kwa mkwe. Msomaji wa pwani huenda anashangaa, kwa hiyo nimweleze kwa ufupi: kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawapeani mkono, hawali pamoja, na ndugu wa mkwe nao wanaingia humo humo. Mjini mila hiyo imelegea; vijijini bado ina meno. Sikuambii uivunje. Wewe uliyeingia ukoo huo kwa ndoa ukiivunja hadharani, mkutano mzima utajadili adabu yako na hakuna atakayezikumbuka laki tatu na tisini.

Lakini kinachozuiwa na mila hiyo ni macho na mkono. Ujumbe haizuii, na siku zote ujumbe kati ya mkwe na mkamwana umepitia kwa mtu wa tatu. Kwenye umoja mtu wa tatu ni katibu. Andika taarifa ya ukurasa mmoja, siku kwa siku kuanzia mkesha wa Krismasi mpaka Mwaka Mpya, safu nne: zilizopokelewa getini, zilizokabidhiwa kwa mweka hazina, tofauti, maelezo. Safu ya maelezo iache tupu. Usiandike jina la mtu. Usiandike upotevu wala ubadhirifu. Mpe katibu, naye ampelekee mwenyekiti nakala wiki moja au mbili kabla ya mkutano ili apate nafasi ya kujaza. Huenda akajaza vizuri: mgambo wa sikukuu hulipwa, na mlevi aliyejikata na chupa hupakiwa bodaboda hadi zahanati kwa gharama ya mtu. Asipojaza, katibu ataisoma karatasi kama ilivyo mbele ya wanachama, nawe utakuwa umeketi na akina mama wenzako, macho chini, kama desturi inavyotaka.

Mume wako usimtume tena. Ulipomtuma, swali la umoja liligeuka swali la nyumbani, ndiyo maana likajibiwa kwa sentensi moja. Tena, mama, niruhusu nikuulize na wewe: katika miaka hiyo sita, ni lini ulisoma mapato na matumizi mbele ya wanachama? Mtu ambaye hajawahi kudaiwa risiti hana sababu ya kuzitunza. Taarifa yako ikianza na Krismasi hii peke yake itaonekana ya kumlenga. Isomwe pamoja na ya miaka iliyotangulia, hata kama ya mwaka wa kwanza ina mapengo ambayo ni yako.

Vijana wa mitumbwi nao nawaona tofauti na unavyowaona wewe. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walikuta vijana wa kiume wakijenga vijiji vyao wenyewe, rika moja pamoja, kando ya vijiji vya baba zao. Kizazi kilipokomaa wazee walifanya ubusoka, sherehe ya kuwakabidhi watoto wao utawala, na wao wakasogea pembeni. Monica aliyaandika hayo katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Vijiji vya rika vimekwisha, lakini mzee yeyote wa Rungwe atakayesema kumkabidhi kijana madaraka ni mambo ya kisasa ajue babu yake alifanya hivyo kwa ngoma na ng'ombe. Wapeni vijana idara ya mitumbwi waiendeshe kwa zamu zao, kwa sharti moja lisilo na mjadala, kwamba hakuna anayepanda bila jaketi la kuokolea. Getini akae kijana mmoja na mama mmoja, wote wawili watie saini kila jioni.

Ila ile njia yao ya upande wa pili ikataeni, na muwaeleze sababu. Kuta za kasoko zina mteremko mkali, na sehemu nyingi za Rungwe hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Njia mpya ya watu Novemba ni mtaro ifikapo Aprili, na udongo wote unashuka ziwani. Maziwa mengi ya namna hii hayana mto unaotoka. Kinachoingia kinabaki.

Huyo wa Dar es Salaam alinunua shamba, ziwa hakununua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu na zile za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Senyenge irudi nyuma, na halmashauri ya kijiji iseme kama mauziano yalipita kwake. Asifanywe adui, maana ana fedha na ana hamu, na umoja unavihitaji vyote viwili. Lakini sato hapana. Kupandikiza samaki kunahitaji kibali cha Idara ya Uvuvi, na hata kingekuwa rahisi kupatikana ningewaambia msikiombe. Pale Kisiba, ziwa ambalo wengine huliita Masoko, lenye upana wa kama mita 700 tu, watafiti walichapisha mwaka 2015 katika jarida la Science habari za samaki wadogo ambao mpishi asingewaangalia mara mbili: madume wa ukingoni wana rangi ya njano, wa kilindini ni wa buluu, na ni jamii moja iliyo njiani kugawanyika kuwa mbili, jambo lililoanza pengine miaka 500 hadi 1,000 iliyopita. Lenu huenda nalo lina wa kwake. Sangara walipowekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 ilionekana ni neema. Baada ya miongo michache aina nyingi sana za furu zilikuwa hazionekani tena. Ziwa lenu ni dogo, halitahitaji miongo.

Mwisho, barua yako ina nyama choma, mitumbwi na mlinzi, lakini haina choo. Wageni mia mbili wa sikukuu wanajisaidia wapi? Kama ni migombani, basi mvua ya kwanza inawarudishia uchafu huo majini wanamoogelea, na kipindupindu hakijali kama kiingilio kimelipwa. Pato la Pasaka, kabla ya mtumbwi mpya wala banda la nyama, lijenge matundu mawili ya wanawake na mawili ya wanaume, nje ya ukingo wa kasoko ambako mteremko unaelekea mashambani. Afisa afya wa kata aonyeshe mahali, na fundi alipwe kupitia namba ya umoja, si kwa fedha mkononi.