Kuuliza Kanzidata kwa Kubofya: Somo kwa Watumishi wa Afya na Wagonjwa wa Tunduma na Mkoa wa Songwe

Utangulizi

Katika kila zahanati, kituo cha afya na hospitali ya Mkoa wa Songwe, watumishi hujaza vitabu vya MTUHA: Kitabu cha 5 kwa wagonjwa wa nje, cha 6 kwa wajawazito, cha 7 kwa watoto, cha 12 kwa wodi ya wazazi, na vinginevyo. Mwisho wa mwezi takwimu hujumlishwa na kuingizwa katika mfumo wa DHIS2, ambao ulikuwa umeenea katika halmashauri zote za Tanzania Bara kufikia mwishoni mwa mwaka 2013. Kazi hiyo ya kujaza ni kubwa, nayo hufanyika mara nyingi baada ya foleni ya wagonjwa kwisha. Hata hivyo, ni nusu tu ya kazi. Takwimu isiyoulizwa haimsaidii mgonjwa, na takwimu iliyoulizwa vibaya huweza kumdhuru.

Somo hili linahusu nusu ya pili. Baada ya kulisoma, mtumishi aweze kueleza jinsi kiolesura cha picha kinavyojenga hoja, atambue makosa makuu manne katika kusoma majibu yake, na ajue mipaka ya siri ya mgonjwa. Mgonjwa naye aelewe kwa nini anaulizwa maswali yaleyale kila anapofika kituoni, na ajue haki zake juu ya taarifa hizo.

Hoja na kiolesura chake

Kanzidata ni mkusanyo wa majedwali. Hoja ni swali linaloelekezwa kwa majedwali hayo. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alipendekeza kupanga taarifa katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1974 wenzake, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitangaza lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo huitwa SQL. Lugha hiyo ina nguvu, lakini humtaka mtu ajifunze maneno na kanuni zake, na kosa dogo la uandishi huizuia hoja nzima.

Katikati ya miaka hiyo ya 1970, Moshé Zloof, naye wa IBM, alileta njia nyingine. Mtumiaji alioneshwa jedwali tupu kwenye skrini, akaandika ndani yake mfano wa anachokitaka. Anayetafuta wagonjwa wa Vwawa huandika Vwawa chini ya safu ya makazi, na kompyuta hujaza yaliyobaki. Violesura vya picha tunavyovitumia leo, vyenye menyu, visanduku vya kuwekea tiki na vichujio, vimerithi wazo hilo. Mtumiaji hubofya, na nyuma ya pazia programu huandika hoja kwa niaba yake.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kiolesura hurahisisha kuandika hoja, lakini hakifikiri badala ya mtumiaji. Swali lisilo sahihi likibofywa vizuri litaleta jibu lililopangwa vizuri, lenye rangi za kupendeza, lakini lisilo sahihi.

Nini, lini, wapi

Katika DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, kila jedwali, grafu au ramani hujengwa kwa mambo matatu. La kwanza ni nini: takwimu au kiashiria kinachotafutwa. La pili ni lini: mwezi, robo mwaka au mwaka. La tatu ni wapi: kituo, halmashauri, mkoa au taifa. Mtumiaji huamua lipi likae kwenye safu, lipi kwenye mistari, na lipi liwe kichujio.

Mpangilio hubadilisha kinachoonekana. Chukua mahudhurio ya kwanza ya kliniki ya wajawazito. Miezi ikiwekwa kwenye safu na vituo kwenye mistari, utaona kituo gani kimeshuka na mwezi gani. Vituo vyote vikiwekwa kwenye kichujio, mfumo utavijumlisha kuwa namba moja, na kituo kilichoshuka kitafichwa na kile kilichopanda. Kwa hiyo msimamizi anayetafuta tatizo asianze na jumla ya mkoa. Ateremke hadi ngazi ya kituo.

Kosa la kwanza: kutochunguza asili ya asilimia

Kiashiria kingi ni sehemu yenye kiasi juu na asili chini. Katika chanjo, kiasi ni watoto waliochanjwa, na asili ni watoto wanaokadiriwa kuishi katika eneo. Kiasi hutoka kwenye vitabu vya kituo, ilhali asili hutoka kwenye makadirio ya sensa.

Tunduma ni mji wa mpakani. Ng'ambo yake ni Nakonde, Zambia. Barabara kuu na reli ya TAZARA hupitia hapo, na wafanyabiashara, madereva wa malori na familia huvuka kila siku. Tuchukue mfano wa kufikirika. Kituo kinakadiriwa kuwa na watoto 600 kwa mwaka, yaani 50 kwa mwezi. Mwezi huu watoto 62 wamepata chanjo ya Penta ya kwanza. Kiolesura kitaonesha asilimia 124. Mtumishi hajadanganya, wala kompyuta haijakosea. Kiasi kimewahesabu watoto waliotoka nje ya eneo, na asili haiwafahamu.

Makadirio yenyewe pia huzeeka. Eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, lilikuwa na watu 998,862 katika Sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,344,687, ongezeko la zaidi ya theluthi moja. Asili iliyojengwa juu ya hesabu ya zamani huweza kuachwa nyuma na watu halisi.

Hatari ya asilimia 124 ni kwamba hutuliza mioyo. Huonekana kana kwamba hakuna mtoto aliyebaki, ilhali wapo wasiochanjwa waliofunikwa na wageni. Tiba yake ni kuuliza swali lisilotegemea makadirio ya watu. Kama Penta ya kwanza ni 62 na ya tatu ni 50, tofauti ni 12, na 12 kwa 62 ni takriban asilimia 19. Kiwango cha kuacha kinachozidi asilimia 10 huchukuliwa kuwa dalili ya tatizo. Kwa kuwa dozi hizo hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, watoto wa mwezi mmoja si walewale; hivyo chagua kipindi kirefu, kama mwaka. Kumbuka pia kuwa mama aliyemalizia chanjo Nakonde ataonekana hapa kama aliyeacha, kwa sababu mpaka uliopo ardhini upo pia katika kanzidata.

Kosa la pili: kudhani pengo ni sifuri

Kisanduku kitupu kina maana zaidi ya moja: hapakuwa na tukio, ripoti haikuletwa, au takwimu imeingizwa lakini mfumo haujaichakata. DHIS2 kwa kawaida haihifadhi sifuri isipokuwa kipengele kimepangwa kuihifadhi, na majedwali yake ya uchambuzi huandaliwa kwa ratiba, mara nyingi usiku. Zambia ilipopatwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu kuanzia Oktoba 2023, tofauti kati ya "hakuna mgonjwa" na "hakuna taarifa" ilikuwa jambo la uhai kwa mji kama Tunduma. Kanuni ni rahisi: kando ya kila jedwali la magonjwa au vifo, weka safu ya ukamilifu wa ripoti. Pengo penye ripoti kamili husomwa tofauti na pengo pasipo na ripoti.

Kosa la tatu: kuchanganya NA pamoja na AU

Makosa mawili yanayofuata hutokea katika kanzidata za mgonjwa mmoja mmoja, kama ile ya Vituo vya Tiba na Matunzo (CTC). Katika violesura vingi vya gridi, masharti yaliyo kwenye mstari mmoja husomwa "na", yaliyo kwenye mistari tofauti husomwa "au". Anayetaka wakazi wa Tunduma ambao tarehe yao ya kurudi imepita, akiyaweka masharti hayo kwenye mistari miwili, atapata wakazi wote wa Tunduma, pamoja na wote waliochelewa popote waishipo. Watu wasiohitajika watapigiwa simu, na siri zao zitawekwa hatarini bure.

Kosa la nne: kumsahau asiye na tarehe

Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote, kwa sababu halionekani. Hoja inayosema "tarehe ya kurudi ni kabla ya leo" humwacha mgonjwa ambaye tarehe yake haikuandikwa kabisa. Kwa kompyuta, pasipo na tarehe hapawezi kulinganishwa na leo. Si kabla wala si baada. Katika mfano wa kufikirika, orodha ya waliochelewa ina watu 30, nayo hoja ya pili, "tarehe ya kurudi ni tupu", inaleta 9. Hao 9 wasingetafutwa kamwe, hata kama wangekaa mwaka bila dawa. Kila orodha ya ufuatiliaji iambatane na hoja hiyo ya pili.

Kabla ya kupiga simu, linganisha orodha na faili la CTC2. Huenda mgonjwa alipewa dawa za miezi mitatu au sita na tarehe haikusahihishwa. Huenda ni dereva aliyechukua dawa kituo kingine. Kwa hiyo tusiseme "ametoroka". Tunachokijua ni kwamba hajaonekana katika kanzidata yetu.

Siri na haki ya mgonjwa

Kiolesura huruhusu kupakua orodha ya majina kwa mbofyo mmoja, na urahisi huo ndio hatari yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Orodha ya wagonjwa haitumwi kwenye makundi ya WhatsApp, haiachwi mezani, wala nywila haiazimwi kwa mwenzako.

Nawe mgonjwa unayo nafasi yako. Njoo na kadi yako ya CTC1. Ukibadilisha namba ya simu au makazi, sema. Ukiwa na safari, omba kupangiwa dawa za kutosha au barua ya uhamisho. Ukipata dawa au chanjo ya mtoto ng'ambo ya mpaka, onesha kadi ili iandikwe. Unayo haki ya kujua kilichoandikwa juu yako na kuomba kosa lisahihishwe.

Maswali ya kujipima

1. Kituo chako kinaonesha chanjo asilimia 118. Utauliza hoja gani ya pili kabla ya kupongezana?
2. Vifo vya uzazi havina namba kwa miezi mitatu. Utajuaje kama ni sifuri?
3. Orodha ya waliochelewa ni fupi kuliko ulivyotarajia. Ni kisanduku kipi kitupu utakachokichunguza?

Maswali haya yajadiliwe katika kikao cha mwezi cha kituo, kila mmoja akiwa na takwimu za kituo chake. Hakuna anayehitaji kuwa fundi wa kompyuta ili kuyajibu. Kinachohitajika ni kukumbuka kuwa nyuma ya kila kisanduku yupo mtu, na kwamba kisanduku kitupu huenda ndicho chenye mtu anayetuhitaji zaidi.