Mlinzi na Baragumu: Somo Kuhusu Radi na Mtambo wa Kutoa Onyo

SOMO LA WIKI

Andiko la kusoma: Kutoka 9:13–26
Soma pia: Ezekieli 33:1–6, Hesabu 10:1–10, Kumbukumbu la Torati 22:8, Luka 13:1–5

Lengo la somo: Kuelewa jinsi mtambo wa kugundua radi unavyofanya kazi, jinsi unavyofungwa na kupimwa, na kwa nini kuutumia si kukosa imani.

UTANGULIZI

Hapa Kathonzweni tunaomba mvua karibu mwaka mzima. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tunayoitegemea zaidi kwa ndengu, kunde na mahindi. Lakini mawingu yale yale yanayotuletea baraka hiyo huja na radi. Na miezi hiyo hiyo ndiyo ya mikutano ya hadhara, kambi za vijana, makesha na ubatizo. Watu wengi wako nje, chini ya hema lenye nguzo za chuma, na nyaya za maikrofoni zimetandazwa kwenye nyasi mbichi.

Tusidhani radi inapita mbali na watu wanaoomba. Tarehe 10 Machi 2018, radi iliwapiga waumini wa kanisa la Waadventista wilayani Nyaruguru, kusini mwa Rwanda. Watu 16 walifariki na wengine zaidi ya 100 wakaumia. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo kaskazini mwa Uganda, watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa maombi waliuawa na radi, wengi wao watoto. Wengine 34 walijeruhiwa. Kabla ya hapo, tarehe 28 Juni 2011, wanafunzi 18 wa shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo, Uganda, walikufa kwa radi moja wakiwa darasani.

Hao wote walikuwa wamejikinga mvua. Walikuwa chini ya paa, lakini paa la kukinga mvua si lazima liwe la kukinga radi. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika leo.

1. MUNGU ALITOA ONYO KABLA YA RADI

Katika Kutoka 9 watu hukumbuka mvua ya mawe na moto uliotembea juu ya nchi, halafu wanapita haraka mstari wa 18 hadi wa 21. Hebu tulia hapo. Mungu alitaja wakati: kesho, saa kama hii. Akasema la kufanya: ingizeni watu na mifugo ndani. Kisha andiko linatuonyesha makundi mawili ya watumishi wa Farao. Wale walioliogopa neno la Bwana waliwakimbiza watumwa na wanyama nyumbani. Wale ambao hawakulitia moyoni waliwaacha shambani.

Angalia, mpendwa. Waliookoka hapo walikuwa Wamisri, na kilichowaokoa ni kwamba walisikia onyo na wakasogeza miguu. Kwa hiyo mtu akikuambia ati kuingia ndani ngurumo ikisikika ni kukosa imani, mpeleke mstari wa 20. Hapo kulitii onyo kunaitwa kumcha Bwana.

Onyo zuri basi lina mambo matatu: linataja wakati, linasema la kufanya, na liko mahali pa kukimbilia. Tutapima mtambo wowote kwa mambo hayo matatu.

2. MTAMBO UNAJUAJE KWAMBA RADI INAKUJA?

Ndani ya wingu kubwa la mvua, chembe za barafu na mawe madogo ya mvua hugongana. Kugongana huko hutenganisha chaji za umeme: upande mmoja wa wingu unakuwa chanya, mwingine hasi. Chaji zikizidi, umeme unaruka ndani ya wingu au unashuka ardhini. Kuna njia kadhaa za kuutambua.

Macho na masikio. Mwanga wa radi unafika papo hapo, lakini sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ukiona mmweko, hesabu hadi usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu. Sekunde 24 ni kilomita 8. Ikiwa ni sekunde 30 au chini, radi iko ndani ya kilomita 10 na imeshakufikia. Radi inaweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka kwa wingu lake, mahali ambapo hata tone la mvua halijaanguka.

Redio. Kila radi hutoa mawimbi ya redio. Ndiyo maana redio ya zamani yenye bendi ya AM hukwaruza kabla mvua haijafika. Vifaa vidogo vya kugundua radi hutumia jambo hilo hilo: vina antena inayosikiliza mkwaruzo huo na kukadiria umbali. Vingine hunasa radi iliyo umbali wa hadi kilomita 40. Udhaifu wake ni kwamba husikia radi iliyokwisha kupiga. Wingu likizaliwa juu ya vichwa vyetu, radi ya kwanza itakuja bila onyo.

Kipimo cha nguvu ya umeme hewani. Hiki hupima chaji inayojikusanya juu yetu hata kabla ya radi ya kwanza. Ni ghali zaidi na kinahitaji kusafishwa vumbi mara kwa mara. Kwa vumbi letu la Septemba, hilo si jambo dogo.

Mtandao wa vituo na setilaiti. Vituo kadhaa vikisikia radi moja, kompyuta hulinganisha muda ambao mawimbi yalifika kila kituo na kupata mahali radi ilipopiga. Setilaiti ya Ulaya ya Meteosat iliyorushwa tarehe 13 Desemba 2022 nayo imebeba kamera ya kutazama radi, na Afrika iko ndani ya eneo inaloliangalia.

3. KUUFUNGA MTAMBO

Kanisa likiamua kununua kifaa na king'ora, haya yazingatiwe na kamati ya ujenzi.

Kwanza, mahali. Kifaa kinachosikiliza mawimbi kikae mbali na posho mill, mashine ya kuchomelea, jenereta na amplifaya zetu. Hivyo vyote hutoa kelele za umeme, na kifaa kinaweza kuzidhania kuwa radi.

Pili, mlingoti. Mlingoti wa chuma mrefu kuliko kila kitu ni mwaliko kwa radi yenyewe. Lazima uunganishwe na waya wa ardhini, na kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA. Hatutampandisha kijana wetu juu ya paa ati kwa sababu anajua kufunga dishi la televisheni. Na hakuna anayepanda wingu likiwa linajikusanya.

Tatu, umeme. Dhoruba ndiyo huzima stima. Mtambo usio na betri utanyamaza saa ile ile tunayouhitaji. Uwe na betri inayochajiwa na sola, na itoshe siku kadhaa za mawingu.

Nne, sauti. Katika Hesabu 10 Musa aliagizwa atengeneze tarumbeta mbili, na kila namna ya kuzipiga ilikuwa na maana yake: kukusanyika, kuita wakuu, kuondoka kambini. Paulo naye katika 1 Wakorintho 14:8 anauliza nani atajiandaa ikiwa baragumu inatoa sauti isiyoeleweka. Basi tuwe na sauti mbili tu. Mlio mmoja mrefu ni kuingia ndani. Milio mitatu mifupi ni kwamba hatari imepita. Watoto wa Sunday School wafundishwe, na mgeni aliyekuja leo mara ya kwanza aambiwe katika matangazo.

4. KUUPIMA MTAMBO

Hapa ndipo wengi huchoka. Kifaa kinafungwa, kinaombewa, picha zinapigwa, halafu kinasahaulika. Mtambo usiopimwa ni mlinzi aliyelala.

Kipimo cha kila mwezi. Jumapili ya kwanza baada ya ibada, tangazeni kwanza ili majirani wasishtuke, kisha bonyezeni king'ora. Shemasi mmoja asimame jikoni, mwingine vyooni, mwingine darasa la watoto, mwingine barabarani. Kila mmoja aseme kama amesikia. Rudieni kwaya ikiimba na spika zikiwa juu. Halafu zimeni stima, mjaribu tena kwa betri peke yake.

Kipimo cha msimu. Wakati wa mvua, mtu mmoja aweke daftari lenye safu nne: tarehe, saa king'ora kilipolia, saa ngurumo ya kwanza iliposikika, na sekunde kati ya mmweko na ngurumo. Mwisho wa msimu hesabuni. Tuseme kwa mfano ngurumo zilikuja siku 10, na king'ora kililia mapema siku 8. Zile siku mbili za kimya ndizo za kuangaliwa kwanza, maana mtu hufa siku ya kimya. Tuseme pia kililia siku 4 na hakuna radi iliyokuja. Hizo ni kelele za bure. Zipunguzeni kwa kusogeza kifaa au kurekebisha mpangilio wake. Lakini msipunguze hadi kikawa kiziwi.

Kipimo cha dakika. Dhoruba ikisafiri kilomita 30 kwa saa, itamaliza kilomita 10 kwa dakika 20. Je, mkutano wetu wote, pamoja na wazee na watoto, unaweza kuingia ndani kwa dakika ngapi? Fanyeni zoezi na saa mkononi. Ikichukua dakika 25, onyo la kilomita 10 halitoshi. Wekeni lilie mapema zaidi.

Na baada ya kuingia, hakuna kutoka hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena dakika ya 29, mnaanza kuhesabu upya.

5. WATAKIMBILIA WAPI?

King'ora bila mahali salama ni kuwahamisha watu kutoka hatari moja hadi nyingine. Chini ya mwembe si salama. Hema si salama. Kibanda cha mabati juu ya nguzo za mbao si salama. Gari lililofungwa lenye paa la chuma, kama matatu au basi, ni salama, madirisha yakiwa yamefungwa.

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukuta kandokando ya paa, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Kwa jengo letu, ukuta huo ni kinga ya radi: vyuma vya kupokea radi juu ya paa, nyaya nene zinazoshuka ukutani angalau pande mbili, na fimbo za shaba zilizozikwa ardhini. Upinzani wa umeme ardhini upimwe, na lengo liwe ohm 10 au chini. Upimeni Agosti au Septemba, udongo wetu ukiwa mkavu kabisa, kwa sababu udongo mkavu wa mchanga hupitisha umeme vibaya. Ukipima baada ya mvua utapata jibu tamu lisilo la kweli. Kagueni pia kama waya wa shaba bado upo, maana wezi wa vyuma wanaujua.

Runyanya nayo, baada ya msiba wake, iliwekewa kinga ya namna hii kwa msaada wa shirika la ACLENet la Uganda. Tusingoje msiba wetu. Nguvu za mwethya zilizochimba mashimo ya maji zinaweza kuchimba mtaro wa waya.

6. MTU AKIPIGWA

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mshike, hutadhurika. Kama hapumui na moyo umesimama, anza kubonyeza kifua mara moja, kwa nguvu na kwa haraka, huku mwingine akiita gari la kumkimbiza hospitali. Wakiwa wengi, anza na yule anayeonekana amekufa, wanaolia wanapumua. Maombi yaendelee, na mikono iendelee pia.

7. TUSIHUKUMU WALIOPIGWA

Bado kuna wanaonong'ona kwamba aliyepigwa na radi alilaaniwa au aliiba cha mtu. Katika Luka 13 Bwana Yesu alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa wazo kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Wale watoto wa Runyanya nao walikuwa 18. Familia iliyofiwa na radi haihitaji mganga wala mahubiri ya laana. Inahitaji sisi tukae nayo.

Ezekieli 33 inamalizia hesabu yetu. Mlinzi aliyeona upanga akapiga baragumu amejiokoa. Mlinzi aliyeona akanyamaza, damu inadaiwa mkononi mwake. Mchungaji akiwa katikati ya mahubiri na king'ora kikalia, asimamishe. Neno la Mungu litangojea dakika 30.

MASWALI YA KIKUNDI CHA NYUMBANI

1. Katika Kutoka 9:20–21, ni nini kilichotofautisha makundi mawili ya watumishi wa Farao?
2. Mvua ikianza ukiwa unachunga mbuzi au ukipalilia, utakimbilia wapi? Je, mahali hapo ni salama kweli?
3. Nani katika kanisa letu atashika daftari la radi msimu huu?
4. Je, tuko tayari kukatiza ibada au mkutano wa hadhara kwa sababu ya ngurumo? Kama hapana, kwa nini?

YA KUOMBEA

Tuombee mvua ya kutosha Makueni na Kitui. Tuombee familia za Nyaruguru, Palabek na Kiryandongo. Tuombee kamati ya ujenzi hekima na utoaji wa kutosha. Na tuombe mioyo inayosikia onyo mara ya kwanza.