Kashata Zikijaa Tope

Tairi la matope halihitaji kutambulishwa: kashata nene, mifereji mipana katikati, na meno yaliyopanda mpaka ubavuni. Muuzaji atakwambia ukilifunga unakwenda popote. Hapana. Kazi yake hasa ni moja: kuuma udongo laini wenye kina, kuubeba kwenye mifereji, kisha kuutema gurudumu linapozunguka. Lisipotema, haliumi. Mambo ya upepo, mwendo na gia yanatokana na hilo.

Tuanze na pagumu, yaani udongo mweusi wa mbuga, ule wa Usangu, wa Katavi, au wa nyanda za Kapiti kule Kenya. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Masika yakifika, mfinyanzi wake hunywa maji, ukavimba na kunata kuliko ugali wa muhogo. Land Cruiser mkonga iliyovaa matairi ya barabara haifiki mbali hapo. Mita chache tu na mifereji imeshajaa, hakuna kashata tena, magurudumu yanazunguka gari likiwa palepale. Tairi la matope hupita kwa sababu mifereji yake mipana inalipa tope njia ya kutoka. Lakini tope hutoka kwa nguvu ya mzunguko. Ukitambaa kama unaogopa kumwaga chai, nalo litajaa vilevile.

Kwa hiyo weka foo wili na gia nzito kabla ya kuingia. Usingoje ukwame ndipo ushuke kufunga habu za mbele huku umezama hadi magotini. Gia ya pili au ya tatu inatosha. Ukishaingia, usibadili. Ile nukta unayokanyaga klachi ndiyo gari linapopoteza kasi, na kuanza upya katikati ya tope ni shida. Toa kichwa dirishani utazame tairi la mbele. Likirusha mabonge mfululizo, kashata ziko kazini. Likionekana duara jeusi lisilo na meno, kanyaga mafuta kidogo kwa sekunde mbili tatu lijiteme, kisha rudi kwenye mwendo wako. Ukifuata mifuo ya malori, cheza na stelingi kidogo kushoto na kulia ili meno ya ubavuni yapate kuuma kingo za mfuo.

Gari likigoma kusogea, achia mafuta papo hapo. Hapa ndipo wengi huzika magari yao. Kashata zinazovuta vizuri ndizo zinazochimba vizuri pia, na tairi la matope linaloserereka palepale hukufikisha kwenye difu upesi kuliko tairi la kawaida. Difu ikishakaa chini, ni kazi ya sepeto, jeki na ubao wa kuikalisha jeki. Kabla ya kufika huko, rudi nyuma kwenye njia uliyokwisha kuishindilia mwenyewe, ujaribu tena ukiwa na kasi kidogo. Na mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, hakuna tairi litakalokusaidia: zima gari, subiri jua likaushe ngozi ya juu. Dereva mzoefu haoni haya kungoja.

Upepo ndio unaopuuzwa zaidi. Kwa gari lisilo na mzigo mkubwa, shusha hadi psi 20 au 22 kwenye matope. Unyayo wa tairi hurefuka, uzito hugawanyika, na tairi linalokunjuka na kujikunja hubandua tope lililoshika. Kwenye mchanga unaweza kufika 18 au hata 15. Chini ya hapo tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Gari likiwa limesheheni, usishuke kiasi hicho. Tena angalia kama matairi yako yana tyubu, kama yalivyo 7.50R16 mengi ya rimu za vipande: upepo ukiwa mdogo mno tairi huteleza juu ya rimu, likaburuta tyubu na kung'oa vali. Kwa hayo mimi nisingeshuka chini ya 25. Beba geji na kompresa. Kupiga tairi teke si kipimo.

Sasa udongo mwekundu wa Usambara au Bukoba baada ya manyunyu. Juu utelezi mwembamba, chini pagumu. Hapo kashata kubwa hazina cha kuuma, na kwa kuwa hazina mikato midogo ya kushikilia, gari huserereka kuelekea bondeni. Tairi la mchanganyiko, lile la nusu lami nusu vumbi, hufanya vizuri zaidi, na minyororo hulishinda. Kwenye mchanga mkavu nenda taratibu, mguu mwepesi, maana huko kashata ni majembe. Kwenye lami iliyolowa, breki huchelewa kushika. Acha nafasi kubwa mbele yako. Mlio na mafuta ya ziada utavizoea au hutavizoea. Kama sehemu kubwa ya mwaka wako ni lami, nunua tairi la mchanganyiko na uongeze minyororo, hutajuta.

Ukiamua kununua la matope, tairi jembamba hukata tope hadi kwenye sakafu ngumu. Pana huelea, na hufaa pale ambapo sakafu haipo karibu. Halafu soma ubavuni tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT: 1824 ni wiki ya 18 ya mwaka 2024. Kashata nzima juu ya mpira uliokauka hazikusaidii kitu, na matairi ya mtumba mengi yako hivyo.

Kabla ya kurudi lami, rudisha upepo kama kinavyosema kibandiko cha mlangoni, na mpaka uurudishe usizidi kilomita 40 kwa saa. Kisha chokoa tope lililoganda ndani ya rimu, upande usioonekana. Likibaki huko, stelingi itatetemeka ukifika 80, na fundi atakutoza pesa ya kubalansi magurudumu ambayo hayana tatizo lolote.