Galilaya kwa Siku Moja: Makanisa, Mashua na Kijiji cha Ujamaa

Misafara mingi ya mahujaji kutoka Nairobi na Dar es Salaam hutengewa siku moja tu Galilaya, kabla ya basi kuelekea Yerusalemu. Siku hiyo hujazwa vituo saba au vinane. Watu hushuka, hupiga picha, hupanda tena. Ushauri wangu ni kupunguza. Chagua vitano, anza mapema, na kimojawapo kiwe kibutsi, yaani kijiji cha ujamaa cha Wayahudi. Mahujaji wengi hulala katika nyumba za wageni za vibutsi hivi, kisha huondoka bila kujua wamelala kwa nani.

Ziwa lenyewe ni dogo kuliko wanavyotarajia waliozoea Ziwa Victoria: urefu wa kilomita 21, upana usiozidi 13. Liko mita 210 hivi chini ya usawa wa bahari, na ndiyo maana joto la Julai na Agosti huchosha hata watu wa Mombasa. Machi, Aprili na Oktoba mwishoni ni afadhali. Hata hivyo beba maji ya kutosha na kofia.

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Mlangoni Kapernaumu mwenye kaptula anaweza kurudishwa, kwa hiyo tia leso mbili mkobani: moja yako, nyingine ya mwenzako aliyesahau.

Anza na Mlima wa Heri saa mbili asubuhi. Kanisa la pembe nane lililo juu yake ni kazi ya msanifu Mwitalia Antonio Barluzzi na lilikamilika mwaka 1938. Kila upande unawakilisha mojawapo ya zile heri nane za mahubiri ya Yesu. Kaa bustanini utazame ziwa lote kabla ya mabasi kujaa. Halafu, kama miguu inaruhusu, usipande gari. Iko njia ya miguu inayoteremka hadi Tabgha, kati ya majani na mawe meusi ya volkano. Kwangu mimi mteremko huu unashinda kituo chochote cha siku hii, kwa sababu ndipo mtu anapopata kuikanyaga Galilaya yenyewe badala ya kuiona dirishani.

Tabgha pana kanisa la kumbukumbu ya muujiza wa mikate mitano na samaki wawili, linalotunzwa na watawa Wabenedikto, lililojengwa juu ya misingi ya kanisa la karne ya 5. Nenda moja kwa moja altareni uiname. Sakafuni kuna picha ya vijiwe vya rangi: kikapu cha mikate katikati ya samaki wawili. Hesabu mikate; utaona minne. Watawa na waongoza wageni hueleza kwamba wa tano ni ule unaowekwa juu ya altare wakati wa misa. Mwaka 2015 sehemu ya majengo ilichomwa moto na Wayahudi wenye siasa kali, nayo ikafunguliwa upya mwaka 2017. Kiingilio hakuna, lakini sadaka hupokelewa.

Kapernaumu iko karibu kilomita tatu mbele, na mlangoni unalipa kiasi kidogo cha shekeli. Wengi hukimbilia kanisa la kisasa lililojengwa juu ya mahali panapoaminika kuwa nyumba ya Petro. Lione, lakini usiache sinagogi. Nguzo zake ni za mawe meupe ya chokaa, nazo zimesimama juu ya msingi wa mawe meusi ya zamani zaidi. Pembeni yamepangwa mawe ya kusagia na ya kukamulia zeituni. Mji huu ulikuwa wa watu wa kazi, na mawe hayo yanaonyesha hivyo waziwazi. Angalia saa pia: baadhi ya makanisa ya eneo hili hufunga milango adhuhuri.

Kutoka hapo rudi kusini hadi kibutsi cha Ginosar. Mwaka 1986, ukame ulipopunguza maji ya ziwa, ndugu wawili wavuvi wa kibutsi hicho waliona mbao zikichungulia topeni. Zilikuwa za mashua ya takriban miaka 2,000, yenye urefu wa mita nane na ushei. Iliopolewa kwa haraka kabla ya maji kurudi, ikafunikwa kwa povu zito ili isivunjike, ikaelea hadi ufukweni, kisha ikalowekwa miaka kadhaa katika dawa za kuhifadhi mbao. Hakuna ushahidi kwamba Yesu au wanafunzi wake waliipanda; mwongozaji akikuambia hivyo, usimwamini. Ila mtu wa Lamu au Nungwi akisogea karibu hatachoka kuitazama. Mbao zimeungwa ukingo kwa ukingo kwa ndimi za mti na vigingi, na mataruma yakafuata baadaye. Zimo aina nyingi mno za miti, vipande vya kuokoteza vilivyotiwa viraka mara kwa mara. Ni chombo cha mvuvi asiye na fedha za mbao mpya, na kimemhudumia mpaka hakikutengenezeka tena.

Chakula cha mchana ni samaki wa kukaanga mzima. Huitwa samaki wa Mtakatifu Petro, lakini ukimwona utamtambua: ni jamii moja na sato na perege wa kwetu. Katika mikahawa inayofuata sheria za Kiyahudi nyama na maziwa havichanganywi, basi ukila nyama usidai chai ya maziwa.

Msomaji Mwislamu, au yeyote anayependa historia, anaweza kuacha kituo kimoja cha asubuhi akaenda Hittin, magharibi mwa Tiberia. Ndipo Salahuddin alipowashinda Wapiganaji wa Msalaba mwaka 1187. Chini ya kilima kuna ziara ya Nabii Shuaibu, ambaye wengi humhesabu kuwa ndiye Yethro, mkwewe Musa. Inatunzwa na jamii ya dini ya Wadruze. Vua viatu na ufunike kichwa. Kijiji cha Waarabu kilichokuwa hapo hakipo tena. Watu wake waliondoka katika vita vya 1948. Mabango ya watalii hayatakueleza hilo sana, na unapaswa kulijua.

Alasiri shuka hadi Degania, kusini mwa ziwa. Hiki ndicho kibutsi cha kwanza, kilichoanzishwa mwaka 1910 na vijana kumi na wawili, wanawake wawili kati yao. Ardhi, zana na mapato vilikuwa vya wote. Chakula kililiwa ukumbi mmoja. Aliyekulia katika vijiji vya Ujamaa vya Tanzania ataona mengi anayoyajua, tena washauri wa Kiisraeli walifika Tanganyika mapema miaka ya 1960 kusaidia vijiji vipya vya makazi na ushirika. Tofauti kubwa ni kwamba huku Degania watu waliingia kwa hiari yao. Mwaka 2007 Degania nayo iliacha mshahara sawa kwa wote. Tembea taratibu kati ya nyumba za mawe za mwanzo, na ukumbuke kwamba watu wanaishi humo: usichungulie madirisha wala kupiga picha watoto.

Karibu na hapo ni Yardenit, wanapobatizwa mahujaji katika Yordani. Mahali hapo panaendeshwa na kibutsi cha Kinneret, na vazi jeupe unalikodi au kulinunua hapo hapo. Mapokeo ya kale huuweka ubatizo wa Yesu mbali na hapa, Qasr al-Yahud karibu na Yeriko. Anayetaka mahali penyewe asubiri afike huko.

Usiiweke siku hii Ijumaa wala Jumamosi, maana Sabato huanza Ijumaa jua linapozama, na usafiri wa umma husimama karibu wote. Tangu vita vilipoanza Oktoba 2023 hali ya usalama hubadilika ghafla, hasa kaskazini. Soma tahadhari za serikali yako kabla ya kulipa nauli. Nanyi viongozi wa misafara, punguzeni vituo, muwape watu wenu saa moja ya kutembea kwa miguu kando ya ziwa hilo.